Tangazo Lililomkuta Njiani

Nauza masweta ya mtumba sokoni Sumbawanga. Biashara hii huku haimwangushi mtu, maana baridi yetu ya Juni haina undugu na yeyote, na hata wageni wanaokuja wakijifanya wagumu, siku ya pili wanakuja mezani kwangu wamejikumbatia. Nasema haya mapema ili ijulikane kwamba nilipokuwa naliangalia grupu la redio sikuwa mtu aliyekosa la kufanya.

Redio yenyewe sitaitaja. Ilikuwa na kipindi cha salamu asubuhi, na mimi nilikuwa mmoja wa wale ambao mtangazaji akisikia sauti yao anaanza kucheka kabla hawajajitambulisha. Ilipofungua grupu la wasikilizaji kwenye simu, likajaa watu wa kila namna: wakulima wa Msanzi, wavuvi wa Kabwe, wafugaji waliohamia kwetu kutoka upande wa Mwanza na Shinyanga, watoto wetu walioko vyuoni. Likajaa na takataka. Mtangazaji yule akanipigia akasema, "Mama, wewe ni mtu wa watu, tusaidie kuliangalia." Nikakubali hapohapo. Sitaficha kwamba nilifurahi, nani asiyependa kuambiwa ni mtu wa watu? Baadaye mtangazaji akahamia redio nyingine huko Mbeya, akatuacha na grupu lake mikononi. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, wanasema, na safari hii Mnyamwezi alikuwa Mfipa.

Tulikuwa maadmini wawili, mimi na mwalimu mstaafu anayeishi Laela, ambaye hadi leo anaandika ujumbe wa simu kama anaandika ubaoni, na nukta zake zote. Ofisi nayo ilikuwa na namba yake humo ndani, yenye uwezo wa admini, lakini ya kutangazia vipindi tu. Tulipewa fulana za redio. Ya kwangu maandishi yalitoka kwenye maji ya kwanza, nikaifanya ya kulalia.

Kazi ilikuwa hivi. Unaamka, kabla hujawasha moto, unafuta matangazo ya kamari na ya dawa inayotibu kila kitu kuanzia presha mpaka mume asiyetulia. Unatoa waliotuma picha za uchi. Unawajibu wale wa Dar es Salaam wanaoingia kuuliza, kwa ule mzaha wao wa uchawi wetu, radi ya Sumbawanga inauzwa wapi. Hao nilikuwa nawaambia radi zimeisha, warudi masika, kisha nawatoa. Ng'ombe wakiingia kwenye mahindi huko Msanzi, ugomvi ulifika kwenye grupu kabla mwenye ng'ombe hajapata habari, na mtu akishaanza kuandika "hawa wa kuja," ujue usiposhika hilo neno sasa hivi kesho yake kuna panga. Nilikuwa nampigia mfugaji mmoja mzee ninayemheshimu, naye ananijibu kwa upole, "Ngoja niwaulize vijana wangu, mama," na mwalimu anampigia mwenye shamba. Tukimaliza tunafungua grupu watu waendelee na salamu. Redioni walikuwa wanasema grupu letu lina adabu. Ni kweli lilikuwa na adabu.

Lakini kazi kubwa ilikuwa vifo. Huku tangazo la kifo ndilo linalofanya watu waache redio wazi mchana kutwa. Nani katangulia, wa ukoo gani, mazishi wapi, watoto wake walioko Mpanda na Mbeya wapewe habari. Grupu lilipokuja matangazo yakahamia na humo, na hapo mimi na mwalimu tukaona hatari ambayo ofisini hawakuiona.

Kwetu mtu aliye safarini haambiwi kwamba amefiwa. Anaambiwa mgonjwa amezidiwa, njoo. Mwenyewe huwa anajua, si mtoto, lakini hajaambiwa, na kule kutoambiwa ndiko kunamfikisha nyumbani. Akishuka anakuta mashangazi wamemngoja, mmoja kashika mkono huu, mwingine ule, ndipo anaambiwa, na akianguka anaangukia watu. Simu haina mikono. Basi tukajiwekea utaratibu: hakuna tangazo la kifo kwenye grupu mpaka ndugu watuambie aliyekuwa njiani amefika. Rambirambi za haraka tulikuwa tunazifuta, na mwenye kiherehere tunampigia faraghani. Nililieleza jambo hili ofisini kwa meneja wa vipindi aliyekuwepo wakati ule, akasema "sawa mama." Familia nyingi zikazoea kutupigia sisi kwanza, kabla hata ya kumpigia katekista. Hilo lilikuwa jambo la kuniheshimisha kuliko fulana yoyote.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Jirani yangu wa meza sokoni ni mwanamke tuliyeanza naye biashara, na jumuiya tunasali moja. Mimi nikiwa na mgonjwa yeye ananiuzia, yeye akienda Tunduma kuchukua mabelo ya mtumba mimi namuuzia. Asubuhi ile alikuwa Tunduma. Mama yake alikuwa amelazwa, lakini alikuwa anaendelea vizuri, ndiyo maana akasafiri. Kaka yake akanipigia nikiwa natandaza masweta ya meza zote mbili, yangu na yake.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mama ametutoka," akasema. "Mdogo wangu tumemwambia amezidiwa. Ameshapanda basi. Nisaidie huko kwenye grupu lenu."

Nililia kwanza, maana yule bibi alinipokea kama mwanawe. Kisha nikafanya kazi. Nikampigia mwalimu, tukafunga grupu ili wasiandike isipokuwa maadmini, tukafuta "poleni" mbili zilizokuwa zimeshaingia. Nikakunja meza zote mbili, nikaenda kusaidia kupanga viti na kutafuta masufuria. Nilikuwa na uhakika njia imefungwa, kwa sababu nilikuwa nimeifunga mwenyewe.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba ofisini walikuwa wamebadilisha mambo. Wameajiri mtu wa mitandao, na meneja mpya ametoa agizo kwamba kila tangazo likishalipiwa mapokezi liingie kwenye grupu palepale, wadhamini wapende. Hakuna aliyetuambia. Mpwa wa marehemu alikwenda kulipia tangazo lisomwe jioni, rafiki yangu akishafika, na akaeleza hivyo. Kwenye redio likasomwa jioni kama alivyoomba. Kwenye grupu liliingia saa ileile, na picha ya bibi amevaa kitenge chake cha sikukuu. Na kwa kuwa tulikuwa tumefunga, lilikaa peke yake pale juu, halina salamu wala mzaha wa kulifunika.

Mwalimu aliliona akalifuta. Lakini rafiki yangu alikuwa ameshalisoma, basi likiwa linaingia Laela.

Haya mengine nimeyapata kwa mwalimu. Alijua basi la Tunduma hupita Laela saa ile, akaenda stendi mbio na malapa, akamkuta rafiki yangu amekaa chini kando ya magunia ya mahindi, konda anamsihi apande, abiria wanachungulia madirishani. Alikuwa anapiga kelele moja ndefu, halafu anaitazama simu. Mwalimu akakaa chini naye. Basi likaondoka na mabelo yake. Mwalimu akatafuta gari dogo, akamleta mpaka Sumbawanga, na njiani akamweleza kwamba lile tangazo limetoka ofisini, si kwa maadmini. Rafiki yangu akamjibu, "Kwani nyie si ndio redio?"

Na hilo ndilo walilosema wote. Kwa watu wa hapa, redio ni mimi. Mimi ndiye wanayenipigia, mimi ndiye ninayewafungia na kuwafungulia. Tangazo lenyewe lilikuwa limefutwa, kwa hiyo sikuwa na cha kuonyesha. Kilichobaki ni maandishi kwamba admini amefuta ujumbe, na hayo yanamfanya mtu aonekane mwizi aliyefagia nyayo zake.

Nilikuwa jikoni nachambua maharage alipoingia. Wanawake walimpokea, wakalia naye, nami nikasogea ili nimshike. Akanitoa mkono.

"Wewe ulijua," akasema, mbele ya wote. "Ulijua, ukafunga grupu. Nani mwingine angeandika? Mama yangu nimemwona kwenye simu, nimebanwa na watu nisiowajua, na wewe uko hapa unachambua maharage."

Mama mmoja wa jumuiya akachukua ungo mikononi mwangu, si kwa ubaya, akaniambia nikapumzike nyumbani. Kwetu kuambiwa upumzike msibani ni kufukuzwa. Nilitoka nikipita katikati ya watu niliowatangazia misiba yao yote, na kwa hasira niliyokuwa nayo ningeweza kuivunja redio kwa mchi.

Nikampigia yule meneja mpya nikiwa barabarani.

"Pole sana mama," akasema. "Tumeliona. Ilikuwa changamoto ya kimfumo."

"Mfumo ndio uliobonyeza?"

"Tutatoa ufafanuzi kwenye ukurasa wetu."

"Usitoe ufafanuzi. Njoo. Si mbali, bodaboda yoyote inapajua. Ukae pale kwenye turubai na wanaume wenzio, useme kwa mdomo wako kwamba ni ofisi. Basi."

"Unajua mama, kimsingi lile grupu ni la wasikilizaji wenyewe. Nyie mnajitolea tu. Redio haiwezi kubeba kila kinachoingia mle."

Asubuhi ileile mtangazaji wao alikuwa amesema hewani "grupu letu, grupu kubwa," mpaka nikasikia kinyaa. Likiwa zuri ni lao, likiharibika ni letu. Nikamwuliza kama hayo maneno anaweza kuja kuyasema mbele ya wafiwa. Akasema ana kikao.

Siku ya mazishi lilikuja shada la maua, na utepe wenye jina la redio. Mshereheshaji akausoma kwa sauti, watu wakaitikia kwa heshima. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, karibu na mikaratusi, na niliona wanawake wawili wakigeuka kunitazama. Walidhani nimelileta mimi.

Mwalimu aliniuliza baadaye tulikuwa tunataka nini hasa. Yeye ni mtu wa utaratibu, anapenda jambo liwe na jina. Posho? Hapana. Tulilikubali grupu bila posho na sijabadilika. Nilimjibu kwa mambo ya shambani, kwa sababu ndiyo niliyokulia. Ukialika watu kukulimia matuta, unapika pombe ya ulezi, na wanakuja. Lakini pombe siyo inayowaweka shambani, hata nyumbani kwao ipo. Kinachowaweka ni wewe mwenyewe kuwepo, umeshika jembe, na jirani akija juu kwamba mmevuka mpaka wake, unatoka mbele wewe unasema, "Hawa nimewaita mimi, ongea na mimi." Mwenye shamba akijificha ndani siku hiyo, watu wanaweka majembe chini na mwakani hawaji. Hakuna anayewaita wakorofi. Na kama umebadilisha mpaka usiku wa jana, unawaambia kabla hawajainua jembe.

Basi tukaweka majembe chini. Hatukutukana mtu. Mwalimu aliandika ujumbe wenye nukta zake zote, kwamba sisi wawili tunaacha kuliangalia grupu mpaka uongozi wa redio ufike kwa familia iliyofiwa na kusema ukweli. Kisha tukajitoa.

Sitasema uongo kwamba ilinipa raha. Kila asubuhi mkono ulikuwa unaitafuta simu. Nilisikia kwa watu kwamba kamari zimerudi, na mganga mmoja amejipa cheo cha profesa, na wakulima na wafugaji wametukanana mchana kutwa bila mtu wa kuwafungia. Sikucheka. Waliokuwa wanaumia humo si meneja, ni watu wetu. Mama mmoja wa Kabwe alinipigia analia, mwanawe ametukanwa kabila lake, akaniuliza kwa nini nimewaacha. Huyo alinipa shida zaidi kuliko wote, kwa sababu hakuwa na kosa.

Na sokoni ndiko kulikuwa kugumu. Rafiki yangu alirudi kwenye meza yake akiwa na kitambaa cheusi, akanisalimia "habari" kama anavyomsalimia mteja, akageuza masweta yake yakaangalia upande mwingine. Mteja akikosa saizi kwangu nilikuwa namwelekeza kwake kama zamani. Yeye alikuwa anawaacha waende zao. Nilijaribu kumweleza siku moja, nikaanza vibaya, nikaanza kwa mambo ya namba ya ofisi na agizo la meneja. Akaniambia, "Sitaki mambo ya simu," akaendelea kukunja. Nikajua kwamba mdomo wangu hautanisaidia hata nikiongea mpaka masika. Alihitaji kulisikia kwa mwenye kosa, na mwenye kosa alikuwa na vikao.

Kilichomtoa meneja ofisini sijui kwa hakika. Wengine walisema ni wadhamini. Mimi nadhani ni mapokezi, maana familia zilianza kuogopa kupeleka matangazo ya vifo pale, na redio ya huku bila matangazo ya vifo inabaki na muziki tu. Alimpigia mwalimu, akampigia na kaka wa rafiki yangu, akaomba kuja siku ya arobaini. Kaka yule ni mtu mpole. Akamwambia mlango wa msiba haufungwi.

Baada ya misa tukaenda nyumbani kwao. Nilikuwa nimeletewa habari nije, kwa hiyo nilikuja, nikakaa pembeni mwa mkeka wa wanawake. Mwalimu alikuwa ametoka Laela amevaa suti. Meneja alifika na gari lenye maandishi, kijana mtanashati, akawaamkia wazee kwa adabu na akapewa kiti mbele. Watu waliposhiba, kaka akasimama akasema kuna mgeni ana neno, akaomba tumsikilize.

Meneja akasimama. Alikuwa na sauti nzuri, ya kazi yake.

"Redio yetu inaungana na familia," akaanza. "Ndugu zangu, siku ile kulitokea tatizo. Tatizo lile lilitoka ofisini kwetu. Tangazo tuliliingiza sisi, kabla ya wakati, na hatukuwa tumewaambia watu wetu wanaojitolea. Kwa hiyo lawama iliyomwangukia mama yetu huyu haikuwa yake." Hapo nikavuta pumzi, kwa sababu alikuwa amelisema, tena vizuri kuliko nilivyotegemea. Akaninyooshea mkono. "Mama yetu huyu ametusaidia miaka mingi kwa moyo. Kwa hiyo mbele yenu napenda kumwomba radhi mama..."

Akasimama hapo. Mkono bado umenyooka kwangu, mdomo wazi. Alitazama fulana ya mwenzake aliyekuja naye, kana kwamba jina langu limeandikwa pale. Kisha akainama kidogo upande wangu na kuuliza taratibu, lakini ua lilikuwa kimya, na kila mtu alisikia:

"Samahani mama, jina lako nani?"

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alivua miwani akaanza kuifuta. Mimi niliona aibu, aibu ya kweli, ya kunichoma masikio, kama vile mimi ndiye niliyeshindwa kulitaja. Nikainama kuangalia mkeka.

Rafiki yangu alikuwa amekaa katikati ya shangazi zake. Alikuwa hajanitazama tangu tufike. Akamtazama yule meneja muda mrefu, kisha akanitazama mimi, na nadhani ndipo alipoona kwamba mimi na wale hatukuwa nyumba moja. Akasimama. Akalitaja jina langu la ubatizo, akalitaja la baba yangu, halafu akalitaja lile la Kifipa alilonipa bibi yangu, ambalo pale sokoni ni yeye peke yake anayeniita.

"Sasa anza upya," akamwambia. "Na umtaje."

Meneja akashusha mkono, akaanza upya.